Utumbo ulioumwa na nyoka

Daktari aliigeuza karatasi ya majibu upande wangu ili niisome mwenyewe. Damu, sawa. Choo, hakuna minyoo, hakuna amiba. Ultrasaundi ya tumbo: ini sawa, kifuko cha nyongo sawa, figo zote mbili sawa. Kila mstari uliishia na neno lile lile, na kadiri nilivyoshuka chini ya karatasi ndivyo koo lilivyozidi kunikaba. "Hongera dada, huna tatizo lolote," akasema, huku mkono wake ukivuta faili la mgonjwa anayefuata. Wakati ananipa hongera hiyo tumbo langu lilikuwa limekaza kama ngoma iliyowambwa, na nilikuwa nimeshajua choo cha ile korido kiko mlango wa ngapi: wa tatu, mkono wa kushoto. Nilihesabu nilipokuwa naingia. Siku hizo nilihesabu milango kila nilikokwenda.

Huu ni mwaka wa sita naishi na tumbo hili. Naandika kwa ajili ya mtu aliyepewa karatasi kama ile, akarudi nayo nyumbani akiwa hajui ashukuru au alie. Karatasi yangu haikudanganya, na mimi pia sikudanganya. Majibu safi na maumivu ya kweli huweza kukaa pamoja ndani ya tumbo moja, na namna yanavyofika hapo inaelezeka. Ilinichukua miaka miwili na madaktari watatu kuyapata maelezo hayo. Hayakuniponya, lakini tangu niyapate nimeacha kujiuliza kama ninajitungia ugonjwa.

Zamani nilikuwa mtu wa kula chochote. Kisha zikaja siku tisa. Nilikula chakula kilicholala bila kuhifadhiwa vizuri, usiku homa ikapanda, na kufikia alfajiri nilikuwa siwezi kukaa mbali na choo. Niliharisha maji, kisha maji yenye kamasi, na siku moja nikaona michirizi ya damu. Nikatundikiwa dripu, nikapewa antibiotiki, nikanywa maji ya chumvi na sukari hadi nikayachukia. Siku ya kumi niliamka nina njaa. Nilikula, chakula kikakaa, na wote nyumbani tukaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kama miezi miwili baadaye tumbo lilianza kunisokota asubuhi, chini ya kitovu upande wa kushoto, msokoto unaopanda polepole, unakaza, kisha unalegea nikishakwenda haja. Mara tatu kabla sijavaa viatu. Wiki inayofuata, siku nne bila choo kabisa, na kikija ni vipande vidogo vigumu kama kokoto, nami nainuka nikihisi kuna kilichobaki. Tumbo kujaa ndiko kulikonitesa kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa na sketi ya asubuhi na sketi ya jioni, kwa sababu ile iliyofunga zipu vizuri saa moja haikufunga saa kumi, na mchana sikuwa nimekula kitu cha ajabu. Niliacha kukaa viti vya dirishani kwenye basi. Nikaacha kuitikia mialiko ya chakula. Rafiki yangu mmoja alifika mahali pa kuniuliza kama amenikosea.

Mama yangu aliyatazama hayo yote akatoa kauli ambayo wengi wetu tumeisikia: "Una mawazo mengi, mwanangu. Punguza mawazo, tumbo litatulia." Alisema kwa mapenzi. Lakini anayeumwa akiambiwa ni mawazo, anachosikia ni kwamba maumivu yake hayapo.

Daktari wa tatu alikuwa mama mtu mzima asiye na haraka. Hakuanza na karatasi. Aliniuliza, "Kabla haya hayajaanza, uliwahi kuharisha vibaya?" Nikamsimulia zile siku tisa. Akaweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Moja nililihesabu kuwa ajali iliyopita, la pili kuwa tabia mbaya ya tumbo langu. "Maambukizi yalipona," akaniambia. "Ila utumbo wako bado haujaamini."

Kitaalamu hali hii hujulikana kwa herufi tatu, IBS, kifupi cha Kiingereza cha "irritable bowel syndrome", na jina lake la Kiswahili bado halijatulia. Mimi huuita utumbo mwepesi kushtuka. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala kamera kinachouonyesha. Hutambuliwa kwa masimulizi ya mgonjwa, na masimulizi hayo yana vigezo. Vinavyotumika zaidi duniani huitwa vigezo vya Roma, na toleo la mwaka 2016 linadai maumivu ya tumbo yanayorudi angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3 iliyopita, dalili zikiwa zilianza si chini ya miezi 6 nyuma. Maumivu hayo yaambatane na mawili kati ya haya: yahusiane na kwenda haja, mara za kwenda haja zibadilike, au choo chenyewe kibadilike sura. Hata sura ya choo ina kipimo chake, chati ya Bristol, yenye aina 1 hadi 7. Ya 1 ni vikokoto vilivyoachana, ya 4 ni choo kirefu laini ambacho kila mtu angependa kukipata, ya 7 ni maji matupu. Wapo ambao choo chao hufunga zaidi, wapo wanaoharisha zaidi, na wapo kama mimi wanaotoka 1 hadi 6 ndani ya mwezi mmoja. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta watu wapatao 4 kati ya 100 wanatimiza vigezo hivyo, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kwa vigezo vya zamani, vilivyokuwa vilegevu zaidi, idadi hukaribia 1 kati ya 10.

Vigezo vinakwambia una nini. Havikwambii ilikuwaje, na mimi nilichokitaka ni hicho.

Kumbe swali la yule mama daktari lina umri mrefu. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Oxford, Chaudhary na Truelove, waliandika juu ya wagonjwa wao 130 wa utumbo wa namna hii, na tayari waliona kwamba wapo ambao shida yao ilianzia kwenye ugonjwa wa kuhara. Lakini kumwambia mgonjwa "labda ilianzia hapo" ni jambo moja, na kulithibitisha ni jingine. Ungehitaji mji mzima uugue siku zile zile kwa chanzo kile kile, kisha uufuatilie kwa miaka.

Jambo hilo, kwa bahati mbaya, lilitokea. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, mvua kubwa zilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kilichouhudumia mji, na maji yale hayakutiwa klorini inavyotakiwa. Yalibeba bakteria wawili hatari, E. coli O157 na Campylobacter. Mji ulikuwa na watu 5,000 hivi. Zaidi ya 2,300 waliugua, na 7 walifariki. Watafiti waliendelea kuwafuatilia wakazi. Zaidi ya miaka miwili baadaye, kati ya watu ambao hawakuugua, kama 10 kati ya 100 walikuwa na dalili za IBS, kiwango ambacho kwa vigezo vya wakati ule ungekikuta karibu popote. Kati ya wale ambao kuugua kwao kulithibitishwa, walikuwa 36 kati ya 100.

Niliposoma tarakimu hizo nilikaa nazo kimya muda mrefu. Bakteria walishatoka. Maji yalishasafishwa. Miili ya watu wale, ukiipima, ilikuwa imepona, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa bado wanainama wakishika matumbo. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioharisha kwa muda mrefu na kwa ukali, wanawake, vijana, na waliokuwa na msongo au huzuni wakati ugonjwa unaingia. Walkerton ilikuwa balaa kubwa kupita kawaida. Ukichukua maambukizi ya tumbo kwa ujumla, kama mtu 1 kati ya 10 ndiye anayebaki na IBS. Na miaka 8 baada ya mkasa ule, idadi ya wenye dalili mjini pale ilikuwa imeshuka karibu nusu. Hilo nalishika sana.

Tuna methali isemayo aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sijapata maelezo ya tumbo langu yanayoishinda methali hiyo. Nyoka alikuwa zile siku tisa. Ung'ongo ni kitunguu kwenye mchuzi, ni glasi ya maziwa, ni gesi kidogo inayopita kama inavyopita kwa kila mtu. Nyoka hayupo tena, ila mwili unaruka.

Ukitaka kujua unavyojifunza kuruka, anza na ukuta. Upande wa ndani wa utumbo umefunikwa na safu moja tu ya seli. Huku kuna chakula na bakteria wasiohesabika. Kule kuna askari wa kinga ya mwili na ncha za neva. Safu ikiwa nzima, pande hizi mbili huishi kwa amani. Maambukizi makali yakiitoboa, vitu visivyopaswa kukutana vinakutana, na miongoni mwa askari wale wapo walio wepesi kuliko wote, seli za masti. Ndizo zinazohusika na kupiga chafya kwa vumbi na kututumka ngozi kwa mzio. Kila moja imebeba vifuko vya histamini na kemikali nyingine, na ikishtuliwa huvimwaga papo hapo. Mwaka 2004 watafiti wa Bologna, Italia, walichukua vipande vidogo vya ngozi ya ndani ya utumbo mpana wa wagonjwa wa IBS, wakakuta seli hizi zimejikusanya karibu na neva, na kadiri zilivyokuwa nyingi karibu na neva ndivyo maumivu ya mgonjwa yalivyokuwa makali na ya mara kwa mara. Na utumbo huo ndio kamera ingeutazama ikaona hauna kasoro.

Kisha mwaka 2021 timu ya Leuven, Ubelgiji, ikaonyesha kitu kilichonifanya nisimame na kutembea chumbani. Waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo, na wakati ule ule wakawalisha protini ya yai. Maambukizi yakapona. Wiki kadhaa baadaye wakawapa tena ile protini peke yake, na matumbo ya panya yakauma. Panya waliolishwa protini hiyo bila kuugua hawakupata shida yoyote. Yaani utumbo ulipokuwa vitani uliiona protini ikipita eneo la mapigano, ukaiandika kwenye orodha ya maadui. Kingamwili za mzio zilikuwa kwenye utumbo tu, hazikuenea mwili mzima, na ndiyo maana mtu anaweza kupimwa mzio kwenye ngozi au damu asionekane na kitu. Watafiti wakaenda kwa binadamu. Waliwachoma wagonjwa 12 wa IBS kiasi kidogo cha gluteni (protini ya ngano), ngano yenyewe, soya na maziwa kwenye ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa. Wote 12 walionyesha dalili ya mzio mahali pale kwa angalau kimoja. Kati ya watu 8 wenye afya, ni 2 tu. Ni utafiti mdogo, na siamini kwamba unaeleza kila tumbo. Lakini nakumbuka nilichokuwa nikilazimishwa kula zile siku tisa ili nisiishiwe nguvu: mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Hadi leo hivyo viwili ndivyo vinavyonisumbua kuliko vyote.

Upande wa pili wa habari ni neva zenyewe. Kundi la Nottingham, Uingereza, lilichapisha mwaka 2017 kazi ambayo ningependa kila mwenye tumbo linalojaa aijue. Waliwanywesha wagonjwa wa IBS na watu wenye afya inulini, wanga wa jamii ile inayopatikana kwenye vitunguu na ngano, wakawapiga picha za MRI kwa saa kadhaa. Gesi iliongezeka kwenye utumbo mpana wa makundi yote mawili, kwa kiasi kinacholingana. Wagonjwa ndio walioumwa. Tofauti haikuwa kwenye gesi. Ilikuwa kwenye utumbo unaoihisi gesi hiyo.

Na sketi yangu ya jioni? Sikuwa naiota, zipu ilikataa kweli. Watafiti wa Barcelona waliwapiga picha za CT watu kama mimi, siku tumbo limetulia na siku limevimba, wakaona kwamba gesi iliyoongezeka ni kidogo mno kueleza uvimbe ule. Kilichobadilika zaidi ni misuli. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kilikuwa kimeshuka, na misuli ya mbele ya tumbo imelegea, kwa hiyo vilivyomo ndani vinasukumwa mbele. Kwa mtu wa kawaida gesi ikiongezeka, kiwambo hupanda kuipa nafasi. Kwangu kinafanya kinyume. Kujua hivyo kumenifunza kuvuta pumzi taratibu kwa tumbo mchana, mkono mmoja juu ya kitovu, na zipo siku sketi ya asubuhi inafika nayo jioni.

Sasa nirudi kwa mama na mawazo yake, maana nilimkasirikia kuliko alivyostahili. Kiswahili chenyewe kinajua. Mtu mwenye hofu tunasema yuko tumbo joto. Hatusemi kichwa joto. Utumbo una mtandao wake wa neva zaidi ya milioni 100, na zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo wengi wanaijua kwa habari za ubongo na furaha, hutengenezwa na kuhifadhiwa tumboni, ambako kazi yake mojawapo ni kusukuma chakula mbele na kuamsha neva za utumbo. Nyuzi nyingi za neva ya vagasi, ile barabara kuu kati ya tumbo na ubongo, hubeba habari kwenda juu. Tumbo linausimulia ubongo usiku na mchana, na ubongo unajibu: unaweza kupunguza sauti ya maumivu, au kuipandisha. Homoni za msongo huziamsha hata zile seli za masti. Kwa hiyo ndiyo, wiki ya hofu hulichafua tumbo langu, na hilo si uzushi.

Nilichokikataa ni mwelekeo wa barabara kuwa mmoja. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watu wa kawaida kwa miaka 12. Wapo walioanza na wasiwasi au sonona, kisha tumbo likafuata. Wapo walioanza na tumbo wakiwa hawana wasiwasi wowote, na wasiwasi ukaja baadaye. Mimi ni wa kundi la pili, na hata usingeniambia ningejua. Mtu anayehesabu milango ya vyoo kwa miaka miwili atakuwa na mawazo mengi.

Si kila tumbo la namna hii liliumwa na nyoka wa maambukizi. Wengine hawakumbuki siku yoyote ya kuanzia, na wengine wanabeba utoto mgumu ambao mwili haukuusahau. Kwa wanawake wengi dalili hupanda siku za hedhi. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2021, wenye wagonjwa zaidi ya 50,000, ulipata sehemu 6 za vinasaba zinazohusiana na IBS, nyingi zikiwa zile zile zinazohusiana na wasiwasi na sonona. Mchango wake ni mdogo, ila unaonyesha kwamba tumbo na hofu vina mizizi inayogusana. Na kati ya wale wanaoharisha zaidi, kama robo yao shida ni asidi za nyongo zinazomwagika kwa wingi hadi utumbo mpana, kitu chenye dawa yake maalumu. Anayeharisha kila siku amuulize daktari kuhusu hilo, kwa sababu mara nyingi linasahaulika.

Hapa naomba usisome haraka. IBS haigeuki kuwa saratani na haifupishi maisha, lakini yapo magonjwa yanayofanana nayo mwanzoni. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila kukusudia, ukiwa na upungufu wa damu, homa zisizoisha, kuharisha kunakokuamsha usingizini, dalili zikianza baada ya umri wa miaka 50, au kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana au ugonjwa wa kuvimba kwa kuta za utumbo, usikubali kuambiwa ni IBS kabla hujachunguzwa. Hata asiye na dalili hizo ana haki ya vipimo vichache: picha ya damu, kipimo cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo wenyewe, na kipimo cha choo cha kalprotektini, ambayo hupanda kuta za utumbo zikiwa zimevimba kweli. Michirizi yangu ya damu ilikoma na yale maambukizi, lakini yule mama daktari hakuniamini kwa maneno tu. Alipima tena. Namshukuru kwa hilo.

Kuhusu chakula, nilifanya kosa ambalo nalieleza ili mwingine asilirudie. Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, kilibuni lishe ya kupunguza FODMAP, yaani sukari na wanga mfupi unaovuta maji utumbo mwembamba na kuchachuka utumbo mpana: vitunguu, ngano, maharagwe, maziwa, tofaa, asali. Husaidia wengi. Ina hatua tatu: kupunguza vyote kwa wiki 2 hadi 6, kisha kurudisha kimoja kimoja na kuangalia, kisha kuishi na orodha yako mwenyewe. Nilifanya hatua ya kwanza nikaona nafuu, nikaogopa kuendelea. Nilikaa humo mwaka mzima. Nilikonda, nikawa naogopa sahani, na bakteria wazuri wanaolishwa na vyakula hivyo hivyo nikawanyima riziki. Nilipoanza kurudisha, niliandika kwenye daftari: tarehe, nilichokula, kiasi, na namba ya chati ya Bristol kesho yake. Maharagwe yalirudi bila vita. Tofaa likarudi nusu. Mwaka mzima nilikuwa nimeyakimbia maharagwe bure.

Nyuzinyuzi nazo si za aina moja. Zile zinazoyeyuka majini, kama za oti, hutuliza choo kigumu na hata cha kuharisha, ukianza kidogo kidogo. Pumba za ngano, ambazo wengi hushauriwa kwanza, huweza kuongeza gesi na maumivu. Vidonge vya mafuta ya mnanaa hulegeza misuli ya utumbo na vimewasaidia watu katika tafiti kadhaa.

Kisha kuna dawa niliyoikataa miezi mitano kwa kiburi, amitriptilini. Niliona kwenye boksi kwamba ni ya sonona nikarudi kwa daktari nimefura: kumbe na wewe unaona ni mawazo? Akanieleza kwamba kwa sonona hutolewa dozi iliyo kubwa mara kadhaa kuliko hii, na kwamba kwa dozi ndogo usiku kazi yake ni kupunguza sauti kwenye neva za maumivu. Utafiti wa Uingereza ulioongozwa kutoka Leeds, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha watu 463 wanaotibiwa na madaktari wa kawaida wa mtaani, uliwapa nusu yao miligramu 10 hadi 30, na baada ya miezi 6 walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Inakausha mdomo na inaletea usingizi, na si ya kila mtu. Mimi natumia miligramu 20. Wapo wanaosaidiwa na tiba ya hipnosi, yaani kuongozwa hadi kwenye utulivu wa kina, inayolenga utumbo, iliyojaribiwa Manchester tangu mwaka 1984, au na mazungumzo na mwanasaikolojia anayejua matumbo. Hayo yote yanafanya kazi kwa sababu ile ile: yanamwonyesha aliyeumwa, tena na tena, kwamba ule ni ung'ongo.

Mwaka jana nilikaa na mama jikoni nikamweleza yote haya. Mji wa Walkerton, panya, gesi inayolingana. Alikuwa anakata kitunguu. Nilipofika kwenye methali aliacha kukata, akanitazama, akasema, "Basi pole, mwanangu. Mimi nilidhani unajitisha mwenyewe." Akakisogeza kile kitunguu kando, akapika mchuzi wangu kwenye sufuria ndogo peke yake.

Siku hizi akinipigia simu asubuhi haanzi na mimi. Anauliza, "Tumbo limeamkaje?" Leo nimemjibu limeamka salama, namba 4.